Kabla Hujalipa, Kikunje Kwanza

Mchuuzi wa viatu sokoni Busia akimwona mteja anasitasita, mkono wake huenda mfukoni kutafuta kiberiti cha gesi. Anakiwasha, anapitisha mwali haraka juu ya pua ya kiatu, anafuta kwa kidole gumba, kisha anamwinulia kiatu karibu na macho. Hakijaungua, hakijayeyuka, basi ni ngozi tupu. Walio karibu wanaitikia. Pesa zinahesabiwa, ziwe za Kenya au za Uganda maana hapa mpakani zote hupokewa, na mteja anapanda boda boda kurudi Dabani akiamini ameona ushahidi kwa macho yake mwenyewe.

Ushahidi ule hauna uzito. Mwali unaopita kwa sekunde moja hauachi alama hata kwenye plastiki nzito. Kwa upande mwingine, rangi iliyopakwa juu ya ngozi nzuri kabisa inaweza kubabuka kwa moto huohuo, kwa sababu rangi nyingi za viwandani zina plastiki ndani yake. Kipimo cha moto kina maana pale tu unapokata kipande na kukishikilia motoni: ngozi hujikunyata, ikageuka mkaa na kunuka nywele zilizoungua, plastiki huyeyuka, ikadondoka na kutoa moshi mweusi. Hakuna mchuuzi atakayekuruhusu ukate kipande cha kiatu ambacho hujakilipia. Na hata angekuruhusu, kuna bidhaa inayotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Ukiichoma hunuka nywele vilevile, ilhali haina nguvu ya kustahimili miguu ya mtu anayetembea.

Nalishikia bango jambo hili kwa sababu kwa watu wa huku kiatu cheusi cha kufunga kamba si kitu cha kununua kwa kupita njiani. Dabani ina parokia ya Kikatoliki, hospitali ya misheni na shule ya wasichana, na penye taasisi za namna hiyo pana walimu, wauguzi, makarani, makatekista na wazazi wanaoitwa kwenye vikao. Kiatu hununuliwa kwa ajili ya harusi, mahafali au usaili wa kazi, na baada ya hapo hutarajiwa kihudumie miaka kadhaa ya Jumapili. Mnunuzi amebana matumizi kwa miezi mingi. Pua ya kiatu ikianza kubabuka msimu wa pili wa mvua, hana risiti, hana wa kumrudishia, na fedha iliyopotea ilikuwa na kazi nyingine nyumbani.

Ngozi ya ng'ombe ikitoka machinjioni huwa nene kuliko kiatu kinavyohitaji, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililobeba nywele, ndilo lenye nyuzi zilizosukana na kubanana. Hilo hukunjika mara maelfu bila kukatika. Tabaka la chini, la upande wa nyama, nyuzi zake ni legevu. Yote mawili ni ngozi halisi ya ng'ombe, na mchuuzi anayeapa kwamba kiatu chake ni ngozi anaweza kuwa hasemi uongo. Mnunuzi inampasa aulize zaidi ya hapo: ni tabaka lipi la mnyama huyo, na limefanywa nini baada ya kupasuliwa.

Kuna tabaka la juu linaloachwa na uso wake wa asili na kutiwa rangi nyepesi tu. Hiyo ndiyo ngozi bora na ndiyo ghali. Kuna tabaka la juu linalosuguliwa kwa msasa ili makovu yatoke, likapakwa rangi nzito, kisha likagandamizwa kwa bamba lenye vinyweleo vya bandia. Kiatu chake huonekana hakina doa, na si kibaya kikitengenezwa kwa uaminifu, ila hakizeeki vizuri. Chini ya hapo kuna tabaka la upande wa nyama lililovikwa utando wa plastiki, halafu ile ya mabaki yaliyosagwa, halafu plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, ambayo wengi wetu tunaiita reksini. Vyote hivi vikipakwa kiwi na kupangwa juu ya turubai saa nne asubuhi, jua likipiga, vinang'aa sawasawa. Mng'ao ni kazi ya brashi.

Kwa hiyo kikunje. Ingiza vidole vinne ndani ya kiatu mpaka chini ya ile sehemu ya juu ambapo vidole vya mguu hukunjika mtu anapopiga hatua, kisha bonyeza kwa gumba kutoka nje mpaka uso wa kiatu ubonyee kidogo. Usiangalie pua, usiangalie kisigino. Hizo ni sehemu ngumu zilizotiwa vipande ndani, haziwezi kukwambia kitu. Angalia hapo kwenye gumba lako. Ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo mingi, myembamba kiasi kwamba unahitaji kuinamisha kiatu kwenye mwanga ndipo uione, na ukiachia gumba mikunjo inapotea yote. Ngozi iliyokatwa tumboni au mbavuni mwa ng'ombe, ambako nyuzi zimelegea, hutoa mikunjo mikubwa inayoteleza juu ya nyama yake, kama utando wa juu wa maziwa yaliyopoa ukiusukuma kwa kijiko. Hiyo ni ngozi kweli, lakini baada ya mwezi itakuwa imefura na kukunjamana mbele ya kiatu, wala hakuna kiwi kitakachoirudisha. Utando wa plastiki nao hujitambulisha kwa njia yake: hutoa mkunjo mmoja au miwili iliyonyooka, yenye ukingo mkali, na mara nyingi rangi hufifia kidogo kwenye mstari wa mkunjo. Hapo hasa ndipo kiatu kitakapopasuka.

Fanya hivyo kwa kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Watu wengi hupima kimoja tu. Kiwanda makini hukata nyuso mbili za pea moja kutoka sehemu zinazofanana za ngozi, karibu na mgongo. Kiwanda kinachobana gharama hukata cha kulia mgongoni na cha kushoto tumboni, na baada ya miezi mitatu unatembea na viatu viwili vya umri tofauti.

Sehemu ya pili ya kuangalia ni ukingo. Kwenye mzunguko wa juu, pale mguu unapoingia, mafundi wa kiwandani hukunja ngozi kwa ndani, huoni kitu. Lakini ulimi wa kiatu, ile sehemu inayokaa chini ya kamba, mara nyingi huachwa na ukingo uliokatwa wazi. Uvute nje, uugeuze, utoe simu yako na kuikuza picha kupitia kamera. Ngozi ya tabaka la juu huonyesha nyuzi zilizovurugana kutoka juu mpaka chini bila mpaka wowote. Ukiona mstari ulionyooka unaogawa ukingo sehemu mbili, ya juu laini inayong'aa na ya chini yenye manyoya, umeona utando uliobandikwa. Ukiona nyuzi za kitambaa zilizofumwa, mrudishie mwenyewe. Wakati mwingine utaona katikati ya ukingo rangi ya samawati iliyopauka, hiyo isikutishe. Ni dalili ya ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za krome, njia iliyopata hataza ya Augustus Schultz nchini Marekani mwaka 1884 na ambayo leo ndiyo inayotumika kwa sehemu kubwa ya ngozi ya viatu duniani. Ilishinda kwa sababu humaliza kwa siku chache kazi iliyokuwa ikichukua wiki au miezi kwa magome ya miti. Samawati hiyo inaonyesha tu kwamba rangi nyeusi haikupenya mpaka ndani, hivyo mkwaruzo wa jiwe utaonekana zaidi.

Kuhusu uso wenyewe nina ombi kwa wanunuzi wa kwetu. Tumezoea kukataa kiatu chenye kovu dogo na kuchagua kile ambacho ni laini tupu kutoka mbele mpaka nyuma. Ng'ombe aliyeishi malishoni huumwa na kupe, hukwaruzwa na miiba, na hupata makovu. Vinyweleo vyake havipangiki kwa safu. Mahali vimesongamana, mahali vimeachana. Uso ambao vinyweleo vyake vinajirudia kwa mpangilio uleule kila sentimita mbili umetoka kwenye bamba la chuma. Kovu moja dogo pembeni mwa kisigino ni heri kuliko uso usio na historia yoyote. Kovu likiwa pale kwenye mkunjo, hilo ndilo la kukataa.

Harufu isaidie, isiamue. Kiatu kilichofungiwa ndani ya boksi hunuka gundi kuliko kitu kingine, na harufu ya ngozi huuzwa kwenye kopo siku hizi. Kulowesha kidole na kugusa kiatu nako hakufai kwa viatu vya suti: vikishapakwa nta, maji hayapenyi hata kama ngozi ni bora kuliko zote sokoni.

Sasa mitumba. Kuna wanaoona aibu kuolewa au kuoa na mtumba mguuni, nami naheshimu hilo. Hata hivyo, kwa kiatu cha ngozi, mtumba una faida ambayo kiatu kipya hakina: umeshavaliwa. Mkunjo ambao kwenye kiatu kipya unaukisia kwa gumba, kwenye mtumba umeshatokea, na unaweza kuusoma. Kiatu kilichotembea miaka miwili mjini Manchester au Milano na bado mikunjo yake ni myembamba, haijapasuka, haijababuka, kimeshafaulu mtihani ambao kile kipya hakijaufanya. Ndiyo maana wachuuzi wenye uzoefu huamkia soko la Gikomba, Nairobi, au la Owino, Kampala, siku belo zinapofunguliwa, wakalipia zaidi lile chaguo la kwanza ambalo Wakenya wanaliita kamera. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe mwaka 2018, mzigo unavuka kwa urahisi zaidi kuliko zamani, na mtu wa Dabani anaweza kulinganisha pande zote mbili asubuhi moja kwa miguu.

Mustakabali wa biashara hiyo umekuwa na vuta nikuvute. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango wake wa upendeleo wa kibiashara, na hatimaye ni Rwanda pekee iliyoshikilia ushuru wake wa juu. Agosti 2023, alipokuwa Mbale kwenye hafla ya viwanda vipya, Rais Museveni alitangaza tena kwamba mitumba haitakiwi Uganda. Mitumba bado ipo. Nawaelewa wanaotaka ikome ili viwanda vyetu vipumue. Ila mpaka viwanda hivyo vituletee kiatu kinachoshindana na hicho, mnunuzi wa kawaida ana haki ya kujua kukichagua.

Mtumba nao una hila zake. Mchuuzi hujaza nyufa kwa nta, akapaka rangi nyeusi juu ya rangi ya kahawia, akamalizia kwa kiwi. Beba kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo. Kisugue juu ya mkunjo mpaka tabaka la kiwi litoke, kisha kunja tena. Ufa uliofukiwa hujifungua. Angalia pia ndani, kwenye bitana ya kisigino; ikiwa imechanika mpaka kile kipande kigumu cha ndani kinaonekana, kiatu kilivaliwa zaidi ya uso wake unavyokiri.

Faida nyingine ya mtumba wa Ulaya ni alama. Kwa mujibu wa maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994, kiatu kinachouzwa kule lazima kionyeshe kimetengenezwa kwa nini katika sehemu tatu: uso wa juu, bitana pamoja na kitako cha ndani, na soli ya nje. Mara nyingi alama hizo huwa kwenye kibandiko kidogo chini ya soli au zimechapwa ndani. Kila sehemu ina mchoro wake wa kiatu, na mbele yake kuna umbo moja. Umbo la ngozi nzima ya mnyama iliyotandazwa lina maana ya ngozi. Wavu wa mistari iliyofumwa ni kitambaa. Almasi tupu, yaani mraba uliosimama kwa pembe, ni kitu kingine chochote, na hapo ndipo plastiki inapoangukia. Umbo linalowapoteza wengi ni ngozi ya mnyama yenye almasi ndogo ndani yake: hiyo ni ngozi iliyopakwa utando mzito, unaozidi milimita 0.15 lakini usiozidi theluthi moja ya unene wote. Mchuuzi atakuonyesha umbo la mnyama kwa kidole. Wewe tazama kama kuna almasi tumboni mwake. Na alama hutaja kile kinachochukua asilimia 80 au zaidi ya sehemu husika, kwa hiyo vipande vidogo pembeni vinaweza kuwa vya kitu kingine.

Vilevile usidanganyike na maandishi yaliyochapwa pasipohusika. Maneno Vero Cuoio chini ya kiatu cha Italia yanazungumzia soli, hayasemi chochote kuhusu uso. Na maandishi ya dhahabu kwenye kitako cha ndani, pale kisigino chako kinapokanyaga, yanaweza kuwa yanaeleza kile kipande chembamba chenyewe tu.

Jambo moja la ndani ya kiatu linawahusu hasa Waislamu, nao Busia na Tororo wapo wengi, na sijaona likielezwa sokoni. Viatu vingi vya bei nafuu hutiwa bitana ya ngozi ya nguruwe, kwa kuwa ni nyembamba, hupitisha hewa na hudumu. Utaitambua kwa vinyweleo: nywele za nguruwe huota tatu tatu, kwa hiyo matundu hukaa kwa vikundi vya pembetatu, na yanaonekana kwa macho ukiielekeza bitana kwenye mwanga. Ya mbuzi ina vinyweleo vidogo vilivyopangika kwa safu fupi fupi, na ya ndama ina vidogo zaidi vilivyotawanyika. Anayejali, asione haya kugeuza kiatu na kukitazama kwa utulivu.

Soli imewaliza watu wengi kuliko uso. Pana soli nyepesi, laini, inayodunda vizuri, iliyotengenezwa kwa poliyurethani. Kemia yake ina udhaifu mmoja: unyevu wa hewani huivunjavunja pole pole, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Tena kukaa bila kuvaliwa huzidisha. Kiatu cha mtumba chenye soli hiyo kinaweza kuonekana kipya kabisa, uso safi, kisigino hakijalika, ukakivaa kwenda kanisani na ukirudi soli inaachia vipande kama makombo njiani. Huku tulipo karibu na Ziwa Victoria hewa haikauki, hivyo jambo hili halichelewi. Bonyeza soli kwa ukucha kwa nguvu. Ikibaki na shimo, ikiwa inanata, au ikitoa unga, iache hata kama uso ni wa ndama. Soli ya mpira haina ugonjwa huo. Soli ya ngozi ni nzuri kwa ukumbi na sakafu, lakini kwa barabara ya vumbi na tope kati ya Busia na Dabani, ibandikwe mpira juu yake kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza.

Tazama pia mshono unaozunguka ukingo wa soli. Kiatu kilichoshonwa kwa mtindo wa Goodyear, uliosambaa tangu miaka ya 1870, kina uzi wa kweli unaokamata ukanda wa ngozi na soli, na siku soli ikiisha fundi hufumua uzi huo na kuweka nyingine bila kugusa uso. Viatu vingi vya bei ya chini vina mshono wa kuigiza, uliofinyangwa pamoja na plastiki. Uguse kwa ukucha: uzi wa kweli una msokoto, na kila tundu la sindano lina kina.

Naumia ninapofikiria kwamba malighafi ya haya yote inachunwa hapa hapa. Kila asubuhi ng'ombe wanachinjwa Busia, Tororo na kwenye vituo vidogo vya vijijini, wengi wao zebu wa kienyeji kutoka pande za Teso na Bukedi. Ngozi ya mnyama huyo huanza kupoteza thamani kabla hajafa. Kupe wameitoboa, ugonjwa wa mapele umeacha vinundu, chuma cha moto kimepiga chapa nyongani, karibu na mgongo ambako ngozi ni bora kuliko zote. Baada ya hapo kisu cha mchunaji mwenye haraka huacha mikato upande wa nyama, na kila mkato ni kipande ambacho hakiwezi kuwa uso wa kiatu. Ikikaa saa nyingi bila chumvi, bakteria huanza kula uso wenye vinyweleo, na nywele zikianza kunyofoka kwa mkono, ngozi imeharibika. Ikitandazwa chini juani, hukauka juu na kuoza ndani. Ikiwambwa kwenye fremu kivulini, husalimika. Mambo haya ni ya bei rahisi: kisu kilichopinda ncha, mfuko wa chumvi, kivuli.

Inayonusurika husafiri. Kutoka Busia ni barabara moja kupitia Bugiri na Iganga mpaka Jinja, ambako Leather Industries of Uganda husindika ngozi. Sehemu kubwa ya ngozi ya Uganda huishia hatua ya kwanza ya krome, ile yenye rangi ya samawati, kisha husafirishwa nje ya bara kwenda kukamilishwa. Kenya ina kiwanda cha Bata cha Limuru, ambacho kimevalisha watoto wa shule wa vizazi kadhaa viatu vya Toughees, na ina mafundi wa Kariokor mjini Nairobi. Hata dawa ya kusindika bila krome tulikuwa nayo nyumbani: magome ya miwati. Kampuni ya East African Tanning Extract iliyachemsha Eldoret kwa miongo mingi, na Njombe, Tanzania, kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 ililima miti hiyohiyo. Uganda ina mbuzi wa Mubende, ambaye ngozi yake husifiwa kwa uso wake mwembamba na imara. Serikali za ukanda huu zimeweka ushuru kwa ngozi ghafi inayosafirishwa nje ili kazi ibaki hapa. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kumalizia mnyororo, mtu anayeweza kutofautisha kiatu cha fundi wa nyumbani kilichotengenezwa kwa ngozi nzuri na boksi linalong'aa lililoshuka kontenani. Asipoweza kutofautisha, atachagua kwa bei, na fundi wetu hawezi kushinda plastiki kwa bei.

Ukiamua kumpa fundi wa hapa kazi ya kukushonea, mpime kwa vipimo vilevile. Mwombe akuonyeshe ngozi nzima kabla hajaikata, umuulize mgongo uko upande gani, na umwambie unataka nyuso zote mbili zitoke hapo. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Muulize pia atatumia nini kwa kitako cha ndani. Viatu vingi vya kiwandani vina kadibodi pale, inayolowa jasho na kuvimba. Inua kile kipande cha juu kwenye kisigino, utaiona. Fundi mzuri ataweka ngozi nene iliyosindikwa kwa magome, ambayo hujifinyanga kufuata unyayo wako baada ya wiki chache.

Nenda dukani au kwa fundi alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea, na uvae soksi utakazovaa na suti. Kiatu cha ngozi hutanuka upana, urefu haubadiliki. Kikibana mbele ya vidole, hakitalegea kamwe.

Zaidi ya yote, nenda na fundi wa viatu, ukimpa nauli na kitu cha chai. Wengi wetu humwona fundi baada ya hasara, tukimletea kiatu kilichoachia soli na kumwomba miujiza. Yule anayekaa chini ya mwembe pale stendi ameshafumua viatu vingi kuliko muuzaji yeyote alivyouza, na kuna aina ambazo hata uzi wake hazipotezei: uso wa mabaki yaliyosagwa, kwa sababu kila tundu la sindano linageuka kuwa mwanzo wa mpasuko, soli ya poliyurethani iliyoanza kutoa unga, kwa sababu gundi haina cha kushika, na kitako cha kadibodi kilicholowa, kwa sababu msumari unazama bila kukamata. Mwache yeye auvute ulimi wa kiatu na kukikunja kwanza, wewe ukiwa bado umeshika pesa zako.